Marathoni nimeacha, na stori yenyewe haianzii kwenye nyonga

Wengi mnaniuliza kama Februari nipo Moshi kwenye Kili Marathon. Sipo. Na siyo Februari hii tu, marathoni nimeacha kabisa, nimekaa na mume wangu tukaongea, nimekaa na daktari, nimekaa peke yangu usiku nikageuza hili jambo huku na huku na jibu linabaki lile lile. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila nikijibu mmoja mmoja kwenye simu naishia kusema "nyonga inasumbua" na mtu ananiambia pole, pumzika, utarudi. Sasa siyo hivo. Nyonga ni mwisho wa stori, mwanzo wake uko mbali kabisa na nyonga, na huo mwanzo ndo nataka wanawake wenzangu mnaokimbia muusome mpaka chini, hata kama mtaruka mengine.

Kwa wasionijua, nina miaka 31, mhasibu, naishi Dar ila nyumbani ni Tanga. Kukimbia nilianzia kwenye jogingi ya mtaani, ile ya fulana za rangi moja, mnaimba barabara nzima watoto wanawafuata nyuma. Nikapenda, jamani nikapenda sana. Kutoka pale nikaingia kwenye grupu la watu wanaokimbia kwa programu, ukianza na kilomita 10, alafu 21, alafu mtu anakwambia wewe una mwili wa 42 na ukishaambiwa hivo huwezi kulala tena. Saa kumi usiku umeamka, saa kumi na moja mko ufukwe wa Coco, mnavuka Daraja la Tanzanite giza bado, upepo wa bahari unawapiga ubavuni, mnatelemka Ocean Road na mkigeuza kurudi jua ndo linachomoza kule baharini na mji wote bado umelala. Sijapata furaha nyingine ya aina ile na sitaki kuandika hapa kana kwamba kukimbia ni kitu kibaya. Kumenipa marafiki, kumenitoa kwenye msongo wa kazi, kumenifundisha kwamba naweza kukaa na kitu kigumu muda mrefu bila kukimbilia kulia.

Na Kili yenyewe, aliyekimbia anajua. Unatoka pale Chuo cha Ushirika asubuhi, mlima kama umefunguka unauona wote mweupe juu, watu wa Moshi wamejipanga barabarani wanakupigia makofi hawakujui, alafu kinakuja kile kilima cha kuelekea Mweka ambacho kinakukuta miguu imeshachoka. Nimevaa ile medali, nimelala nayo shingoni. Kwaiyo mtu asije akadhani naacha kwa sababu sikuwa naipenda.

Sasa twende kwenye kilichotokea.

Kwenye mazoezi ya 42 mwili wangu ulianza kubadilika na kila mtu alikua anausifia. Umependeza, umekatika, sasa hivi unaonekana mkimbiaji. Kwenye grupu letu, na nadhani kwenye magrupu mengi tu, chakula kinaongelewa upande mmoja tu, wa kupunguza. Punguza ugali, wali acha, usile baada ya saa kumi na mbili jioni, kimbia ukiwa na njaa ili mwili uchome mafuta, kila kilo inayotoka ni dakika umeokoa. Mnamaliza kilomita 32 za Jumamosi mnakunywa chai ya rangi na nusu chapati na mnasifiana. Hakuna aliyekua na nia mbaya pale, wote tulikua tunapeana tulichokisikia kwa waliotutangulia.

Siku zangu zikaanza kuchelewa. Zikaja kidogo sana, alafu zikapotea. Unapima ujauzito, hakuna. Mwezi unaofuata unapima tena, hakuna. Na hapa ndo penyewe panauma kwa sababu mimi na mume wangu tulikua tunatafuta mtoto, kwaiyo kila mwezi unaopita bila kuziona kuna kile kitumaini kinapanda alafu kinaanguka. Nikawauliza wadada wawili watatu wa grupu, wakaniambia kwa upole kabisa, "ah hiyo kawaida, na mimi hua zinapotea nikiwa kwenye mazoezi makali, ni dalili mwili umekua wa mwanariadha". Nikaenda kituo kimoja cha afya, nikapewa vidonge vya kurudisha siku, na kweli nikaanza kuziona kila mwezi kama saa. Nikafurahi nikajua limeisha.

Halikuisha. Vidonge vile ni homoni za nje, damu inayotoka pale haisemi chochote kuhusu mwili wako wenyewe umeamka au bado umelala. Hili nimelijua baadaye sana na natamani liandikwe kwenye kila pakiti.

Sikukuu ya Idi nikaenda Tanga. Nimefika mlangoni, "shikamoo mama", mama badala ya marahaba akanishika mabega akanizungusha. "Wewe unaumwa nini?" Siumwi mama, ni mazoezi. "Mazoezi gani hayo yanayomla mtu mpaka mashavu?" Mnajua kwetu mtu akikonda ghafla watu wanawaza nini, na mama yangu alikua anawaza hivo hivo, nilimuona machoni. Jioni akaja shangazi. Huyu shangazi ndo alikua somo yangu nilipovunja ungo, yeye ndo aliyenifundisha kuhesabu siku na kuzijua, na sikuwahi kukaa naye kuongea mambo hayo tena toka nimeolewa. Akanivuta jikoni akaniuliza swali moja tu, "mwanangu, siku zako unaziona?" Nikamwambia nameza vidonge naziona. Akasema, "hizo za vidonge sizo ninazokuuliza."

Mwanamke hajawahi kukimbia hata mita mia maishani mwake. Nitarudi kwake.

Nyonga ikaanza kama miezi miwili hivi baada ya hapo. Maumivu ya ndani, kwenye kinena, ukikanyaga tu unayasikia, ukipumzika yanapungua, ukirudi barabarani yanakuja mapema zaidi ya jana. Nikachuliwa, nikapaka madawa ya kupaka yote, nikabadilisha viatu. Picha ya eksirei ikasema mfupa mzima, ni msuli tu. Hapa niwaambie kitu ambacho kila mkimbiaji anatakiwa akijue, ufa mdogo kwenye mfupa unaotokana na kukanyaga kwa kurudia rudia mara nyingi eksirei haiuoni mwanzoni kabisa. Wiki za mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo. MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndo inauona. Mi ilikuja kunifanyia hivo, eksirei safi, MRI ikaonyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale mfupa unapoingilia kwenye nyonga.

Daktari wa mifupa akanichorea kwenye karatasi. Shingo ile ina upande wa juu na upande wa chini. Ufa wa upande wa juu unavutwa ufunguke kila ukikanyaga, huo kwa kawaida wanakuwekea vyuma. Wa chini unabanwa, huo unaweza kupona kwa magongo na kutokanyaga. Wangu ulikua wa chini, Mungu mkubwa. Nikamuuliza ningeendelea kukimbia je? Akasema ungeweza kuvunjika kabisa na kuhama, na ukihama mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika, kichwa kinakufa, na tunaanza kuongelea nyonga ya bandia kwa mtu wa miaka 31. Alisema taratibu bila kunitisha na ndo maana yakaniingia.

Alafu akaweka kalamu chini akaniuliza, "dada, hedhi yako ikoje?"

Nililia pale pale. Kwa sababu lile ni swali la shangazi. Kati ya jikoni kwa mama na ile ofisi nilipita kwa makocha, kwa wachuaji, kwa wauza viatu, kwa mtu wa eksirei, kwa wale wa vidonge, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha vile vitu viwili.

Nikapelekwa kwa daktari mwingine wa homoni, damu ikachukuliwa. Ujauzito hakuna, tezi ya shingoni iko sawa, uvimbe hakuna, ila estrojeni, ile homoni ya kike ya uzazi, ilikua chini kabisa kama ya mama aliyekwisha koma hedhi. Akiba ya madini ya chuma nayo iko chini, na huko kumeza chai ya rangi na chakula kila siku kulikua kunachangia kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kile kipimo cha uzito wa mifupa, DEXA, ambacho kukipata hapa kwetu mpaka uulizie ulizie, kikaonyesha uti wa mgongo wangu uko chini ya unavyotakiwa kuwa kwa umri wangu. Umri huu mtu ndo anatakiwa awe kwenye kilele cha mifupa yake.

Hiki kitu kina jina, wanakiita RED-S, ni mwanamichezo kutumia nguvu nyingi kuliko chakula anachokula kwa muda mrefu. Jina hilo lilitoka Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2014, kabla ya hapo wataalamu walikua wameshaona kwa wanawake wanariadha vitu vitatu vinatembea pamoja, chakula pungufu, hedhi kupotea na mifupa kudhoofika, ila wakaja kugundua kinagusa mwili mzima na kinawapata wanaume pia, kwao homoni ya kiume ndo inashuka. Daktari alinielezea kwa hesabu nikaelewa kwa sababu hesabu ndo kazi yangu. Kilo moja ya mwili ikikimbia kilomita moja inatumia karibu kilokalori moja. Mi nilikua na kilo 52. Zidisha kwa 32 za Jumamosi, ni kilokalori zaidi ya 1,600 asubuhi moja tu, na hapo bado moyo haujapiga, hujapumua, hujafikiri, hujafua, hujasimama kwenye daladala kutoka Posta. Sasa weka ile chai na nusu chapati upande wa pili.

Mwili ukiona hivo unafanya kama nyumba ambayo mshahara umepungua, unalipa kodi na unga kwanza, mengine yanasubiri. Moyo na ubongo lazima vilipwe. Kizazi kinasubiri. Ubongo unapunguza ishara zinazoenda kwenye ovari, vile vifuko vya mayai, ovari zinaacha kutengeneza estrojeni, hedhi inakata. Na estrojeni kazi yake siyo uzazi tu, ndo inayolinda mifupa isiliwe kuliko inavyojengwa. Mfupa unabomolewa na kujengwa kila siku, kila kilomita inaacha michubuko midogo midogo ndani yake ambayo usiku inatakiwa izibwe, na mimi nilikua nakimbia kila wiki kwa mfupa ambao fundi wake hayupo. Kwaiyo ile "kawaida" ya kukosa siku haikua dalili ya mwili wa mwanariadha. Ulikua mwili unapunguza matumizi.

Mary Cain, yule dada mkimbiaji wa Marekani aliyekua anang'ara toka yuko sekondari, Novemba 2019 alisema hadharani kwamba hedhi yake ilipotea miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano. Mitano. Nilipoisoma nikiwa kwenye magongo nikaisoma mara ya pili nikamsomea mume wangu kwa sauti.

Sasa wengi wananiuliza, si umepona? Ufa umeziba, magongo umeweka, kwa nini usirudi taratibu? Na kuna mmoja, namheshimu sana, akanitumia ujumbe wa Akhwari. Kila Mtanzania anayekimbia ameshatumiwa Akhwari. John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968, ameanguka, goti limeumia, limefungwa bendeji, anaingia uwanjani giza limeshaingia zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, na anamaliza kwa sababu nchi haikumtuma aende kuanza tu. Mimi hiyo habari inanitoa machozi mpaka leo na sitaki mtu aiguse. Lakini ile ilikua Olimpiki, siku moja, jezi ya taifa, na goti lililoumia siku ile ile kwa kuanguka. Miaka miwili baadaye alikua wa tano kwenye marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, watu hawaitajagi hiyo, maana yake mwili ulikua na cha kujijengea ukajijenga. Mfupa wangu haukuumia kwa kuanguka. Ulikua unaisha kimya kimya huku nikisifiwa, na kumpa mtu wa namna hiyo mfano wa Akhwari ni kumsukuma. Hata Kipchoge wa Kenya, bingwa wa marathoni ya Olimpiki mara mbili, Paris Agosti 2024 mgongo ulimkataa akasimama njiani, na hakuna mwenye akili timamu anayesema Kipchoge hana moyo.

Daktari hakunikataza, hili naomba lieleweke. Alisema ukila vya kutosha, siku zako zikirudi zenyewe bila kidonge, mifupa ikipanda, unaweza kurudi hata 42. Mimi ndo nimekataa. Nimepiga hesabu zangu za kweli. Mazoezi ya 42 yanadai chakula kingi sana, mara nyingi kwa siku, na usingizi, na mimi natoka ofisini saa kumi na moja, foleni ya Mwenge inanifikisha nyumbani saa mbili kasoro, na saa kumi nimeamka tena. Wapo wanaoweza. Mifupa iliyopotea inaweza isirudi yote, hilo nimeambiwa wazi, kwaiyo niliyobaki nayo ndo nitakayozeekea. Na nataka mtoto. Nimeandika nikafuta nikaandika tena. Nataka mtoto kuliko ninavyotaka muda mzuri Moshi, na vyote viwili vinakula kwenye sahani moja, basi nimechagua.

Naumia lakini. Watu wanadhani ukishaamua unapata amani, mi amani inakuja na kuondoka. Jumamosi saa kumi macho yanafunguka yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wetu alipokua Tokyo kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, nilikua macho sebuleni, na zile mita za mwisho alivyomkamata Mjerumani wakafika pamoja, wote 2:09:48, mpaka picha ya mstari wa mwisho ikaja kusema Simbu kapita kwa sehemu tatu za mia za sekunde, dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, alafu nikakaa chini nikalia kilio ambacho hakikua cha Simbu peke yake. Mume wangu akaja akakaa pembeni hakusema kitu. Mchezo huu bado ni wangu, nitaupenda mpaka naingia kaburini, sema siukimbii tena kwa umbali ule.

Sahivi nafanya nini? Natembea, naogelea kidogo nikipata nafasi, nanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa sababu mifupa inapenda uzito. Nakula asubuhi kabla sijatoka, kitu ambacho kilikua kigumu kuliko kilima cha Mweka, kula bila kujisikia nimefanya kosa. Maziwa, dagaa, maharage, ugali kamili siyo kijipande. Chai nakunywa mbali na chakula. Nguo zangu nyingi hazinitoshi na nimegawa. Mwezi uliopita siku zangu zimekuja zenyewe, bila kidonge. Mtu wa kwanza kumpigia alikua shangazi, saa mbili asubuhi, hata mume wangu alijua baada yake. Akapiga vigelegele kwenye simu, mtu mzima, yuko sokoni Ngamiani watu wanamsikia.

Nimeongea na kocha wa grupu letu. Ni mtu mwema, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa ukweli kabisa kwamba yeye hajui aanzie wapi kumuuliza mtoto wa mtu habari za hedhi, anaona aibu na anaogopa kueleweka vibaya. Namuelewa. Ila programu inauliza uzito, inauliza mapigo ya moyo, inauliza umelala saa ngapi, na hiki ambacho kwa mwanamke kinasema mengi kuliko vyote hakiulizwi. Tumekubaliana kwaiyo tutafute mwanamke mmoja kwenye kila kundi dogo awe ndo mtu wa kuuliza, na awe na namba ya daktari mkononi. Ukikosa siku zako miezi mitatu na huna mimba, unaenda hospitali, na unaenda kabla ya kumeza kitu cha kuzirudisha. Ukiwa na maumivu ya kinena yanayokuja ukikanyaga, unasimama siku hiyo hiyo, humalizii wiki.

Jumamosi hii tunaanza na hilo. Pale pale Coco, tunaondoka saa kumi na moja kamili kama kawaida, wanawake njooni robo saa kabla, kuna dada nesi nimemuomba aje aongee na yupo tayari kuulizwa lolote. Wanaume hamjakatazwa. Mtakaporudi mtanikuta, naleta chai ya maziwa na mihogo ya nazi kutoka kwa mama, na kila mtu atakula.